Kuhamisha shauri la ndoa kutoka Moshi kwenda Arusha

Shauri la talaka liko Moshi, mke amerudi kwao Arusha na mtoto mchanga. Mke anataka lihamie Arusha. Kama shauri lako bado halijafunguliwa, chagua mahakama vizuri mapema. Mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote husikiliza mashauri ya ndoa.

Likishafunguliwa mahakama ya mwanzo, kifungu cha 47 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu (namba ya toleo la 2019) huruhusu kulihamisha kabla ya hukumu, na mahakama lazima iandike sababu. Kwa shauri la mahakama ya wilaya, omba Mahakama Kuu Moshi chini ya kifungu cha 21 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai (namba ya toleo la 2019). Maombi huambatana na hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi unayoapa kuwa ni ya kweli, na mwenzako hupewa nakala ili ajibu.

Kiapo ndipo wengi huangukia. “Napata shida kusafiri” haitoshi. Taja umri wa mtoto, nauli ya kila tarehe, ugonjwa, vitisho kama vipo. Ambatisha barua ya serikali ya mtaa, kadi ya kliniki, RB (namba ya taarifa uliyotoa polisi). Uliyoambiwa na mtu, mtaje aliyekuambia. Apa mbele ya kamishna wa viapo, yaani mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kuapisha. Tarehe na mahali pa kuapa visikosekane. Mashahidi wa mume wakiwa wote Moshi, jiandae kwa hoja hiyo.

Hadi amri itoke, endelea kuhudhuria Moshi. Ukikosa, shauri laweza kusikilizwa upande mmoja.