Chakula Gani Kinakukataa? Acha, Rudisha, Andika

Mtu akisema "maziwa yananikataa", mara nyingi amekisia. Asubuhi alikunywa chai ya maziwa kwa maandazi, mchana akala wali maharage, jioni tumbo likajaa gesi, lawama zote zikaenda kwa maziwa. Namna ya kujua ni kuacha vyakula vinavyoshukiwa vyote kwa pamoja, kisha kuvirudisha kimoja kimoja. Kazi nzima huchukua kama miezi miwili.

Kabla ya yote, pima choo. Minyoo, amiba, na kichocho cha tumbo kwa wanaooga ziwani, huleta dalili zilezile, na hakuna chakula utakachoacha kikaviondoa. Daktari akishuku siliaki, yaani ugonjwa wa utumbo unaoletwa na ngano, kipimo cha damu kifanyike ungali unakula ngano. Ukishaiacha, majibu yanaweza kupotosha. Aliyewahi kuvimba midomo, kubanwa koo au kupumua kwa shida baada ya kula asijaribu nyumbani hata kidogo, huo ni mzio wa hatari. Mtoto, mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari na aliyekonda bila sababu wasianze bila mtaalamu.

Wiki ya kwanza usibadili chochote. Andika tu kwenye daftari: saa, ulichokula na vilivyomo ndani yake, kisha tumbo, choo, ngozi na kichwa, kila kimoja kwa alama 0 (hakuna shida) hadi 3 (shida kubwa). Andika pia dawa ulizomeza, maana antibayotiki na dawa za maumivu huvuruga tumbo zenyewe.

Wiki tatu zinazofuata acha maziwa, ngano, mayai, karanga, soya, samaki na dagaa. Kama shida yako kubwa ni gesi, acha pia maharage na vitunguu vya aina zote. Utabaki na wali, ugali wa mahindi, ndizi za kupika, viazi vitamu, kuku au nyama ya mbuzi, mchicha, maboga, mawese na chumvi. Ni chakula cha kushiba. Ugali wa muhogo unafaa ikiwa unajua muhogo ulilowekwa siku tatu au nne ukalainika kabla ya kuanikwa. Muhogo mchungu ulioharakishwa huleta kizunguzungu na kutapika, ukadhani ni mwili wako unaoukataa.

Wengi huanguka kwenye vitu vilivyojificha. Unga wa uji wa lishe mara nyingi una soya na karanga, hata ngano. Kisamvu huungwa kwa karanga. Viazi vya kukaanga vya mgahawani hupita kwenye mafuta yaleyale yaliyokaangia samaki na maandazi. Kukiwa na msiba au harusi wiki hizo, kula nyumbani kabla ya kwenda.

Dalili zikipungua, anza kurudisha. Maziwa: robo kikombe asubuhi, nusu mchana, kikombe kizima jioni, bila majani ya chai wala sukari. Siku mbili zinazofuata usiyaguse, angalia tu. Sukari ya maziwa isipomeng'enywa, tumbo huunguruma ndani ya saa chache. Ngano inaweza kuchelewa hadi kesho yake au keshokutwa. Kwa ngano, pika chapati ya unga, maji, chumvi na mawese basi, maana andazi lina mambo mengi. Yai lichemshwe. Kikitokea kitu, acha, subiri utulie kabisa, ongeza siku tatu ndipo uende kwenye chakula kingine. Kilichopita salama nacho kiweke pembeni mpaka umalize vyote.

Dagaa wanastahili majaribio mawili. Waliovuliwa usiku na kupikwa asubuhi ileile ni kitu kimoja. Walioanikwa Kibirizi, mwalo wa Kigoma, mvua ikawakuta ni kingine. Dagaa akikaa na unyevu kabla hajakauka, bakteria hutengeneza ndani yake histamini, kemikali inayoleta dalili kama za mzio, nayo haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Uso huwaka, ngozi huwasha, kichwa hugonga, na aliyekula huapa kwamba dagaa wanamkataa. Dagaa mkavu mzuri hung'aa na huvunjika kwa mlio. Aliyelainika na kuwa wa manjano mwache sokoni. Ukipata dalili kwa wakavu tu, badili unakonunua, usiache samaki.

Chakula kilicholeta shida kijaribu tena baada ya wiki mbili. Mara moja inaweza kuwa bahati mbaya. Kikirudia, tafuta kiasi: wengi wanaosumbuliwa na kikombe cha maziwa huweza nusu yake, au mtindi, ambao bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari yake.

Na kama wiki tatu zimepita, umefuata kwa uaminifu, na alama za daftari hazijashuka, usiongeze vyakula vya kuacha. Rudisha vyote, beba daftari, rudi kwa daktari.