Soma Mgongo wa Kijiko: Kuanza Kukusanya Vyombo vya Kale vya Fedha

Anayeanza kukusanya vyombo vya kale vya fedha namshauri aanze na vijiko, kwa kuwa vilitengenezwa kwa wingi, huuzwa hata kimoja kimoja, na kila kimoja hubeba habari zake mgongoni. Kabla hujavutiwa na nakshi za mbele, kigeuze ukikague kwa lenzi ya kukuzia penye mwanga wa mchana.

Kijiko cha Uingereza huwa na mihuri kadhaa: simba anayetembea, ambaye huthibitisha kuwa fedha halisi ni sehemu 925 katika 1000, alama ya mji kilikopimwa, kama vile kichwa cha chui kwa London au nanga kwa Birmingham, herufi ya mwaka, na herufi za jina la sonara. Ukikuta pia kichwa cha mfalme au malkia, kwa kawaida kijiko hicho ni cha kati ya 1784 na 1890, kwani muhuri huo ulionyesha kuwa ushuru umelipwa. Herufi ya mwaka hupotosha wengi, maana alfabeti ilirudiwa tena na tena. Linganisha umbo la herufi na la ngao inayoizunguka, si herufi peke yake. Alama EPNS haimaanishi fedha halisi, bali aloi ya nikeli iliyopakwa fedha kwa umeme.

Mihuri ikisharidhisha, kagua uchakavu. Kijiko kilichotumiwa miaka mingi na watu wa mkono wa kulia huwa kimelika zaidi upande wa kushoto wa ncha, na mimi hupendelea uchakavu huo wa kweli kuliko ncha iliyokatwa ili ionekane mpya. Pumulia mpini taratibu: mvuke ukionyesha baka au mshono, huenda palilehemiwa. Mahali palipofutwa herufi za mwenyewe wa awali, fedha huwa nyembamba inapopapaswa kwa vidole.

Tafadhali usikichovye kwenye dawa za kung'arisha, kwa sababu huondoa weusi uliotulia ndani ya nakshi, nao ndio unaozipa kina. Kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ukikaushe mara moja, kisha ukihifadhi katika kitambaa safi cha pamba. Usivifunge vijiko kwa mpira, kwani salfa iliyomo huacha mstari mweusi usiotoka kwa urahisi, wala usiache chumvi au yai vikaukie juu yake.