Umesoma Marekani katika chuo kisicho na ithibati: krediti zipi zinaokoka, na kwa njia gani

Chuo unachohamia ndicho kinachoamua. Hakuna sheria ya shirikisho inayokilazimisha kupokea krediti hata moja, ziwe zimetoka chuo kikubwa cha jimbo au darasa lililo nyuma ya kanisa. Kwa hiyo kumwendea msajili na transkripti ya chuo kisicho na ithibati (uthibitisho wa ubora kutoka shirika linalotambuliwa) ukaanza kumwapia kwamba ulisoma kweli ni kupoteza muda. Yeye hakatai kwamba ulisoma. Anachokosa ni mtu anayemwamini aliyepima ulichokijua. Kazi yako ni kumletea kipimo hicho, kozi baada ya kozi.

Kwanza jua chuo chako kiko wapi

Wizara ya Elimu ya Marekani haitoi ithibati yenyewe. Inayatambua mashirika yanayoitoa. Ina hifadhidata ya bure mtandaoni iitwayo DAPIP, na CHEA, baraza la Marekani linaloshughulikia ithibati ya vyuo, lina orodha yake. Tafuta jina la chuo, kisha soma tarehe. Kinachoangaliwa ni hali ya chuo wakati ulipokuwa unasoma: chuo kikipata ithibati mwaka 2019, shahada uliyopewa 2015 hainufaiki nayo moja kwa moja. Kama wakati huo kilikuwa tayari mgombea rasmi wa ithibati, una bahati, kwani vyuo vingi hupokea krediti za mgombea kama za chuo chenye ithibati.

Leseni ya jimbo si ithibati. Cheti cha msamaha wa kodi si ithibati. Msamaha wa kidini (ruhusa ya kufundisha bila leseni ya jimbo), ambao majimbo kama Florida huvipa vyuo vya Biblia, si ithibati pia, na wachungaji wengi wa kwetu wamenaswa hapo. Yapo pia mashirika yenye majina mazito yanayothibitisha vyuo lakini hayamo katika orodha ya wizara wala ya CHEA. Muhuri wao hausaidii kitu.

Ukikuta chuo chako kina ithibati ya DEAC, TRACS au ABHE, mashirika ambayo wizara inayatambua, shida yako ni nyepesi zaidi. Zamani mashirika haya yaliitwa ya kitaifa na yale mengine, kama Middle States au Higher Learning Commission, yakaitwa ya kanda. Wizara iliacha kutofautisha makundi hayo mawili kuanzia Julai 1, 2020. Vyuo vingine bado vinashikilia ubaguzi wa zamani kwenye sera zao, lakini hapo unaweza kuomba kozi ziangaliwe upya na mara nyingi ukasikilizwa.

Kama uliuziwa shahada kwa malipo ya mkupuo, ikaja kwa siku chache kwa sababu ya "uzoefu wa maisha", hapo hakuna cha kuokoa. Usiiandike hata kwenye wasifu wa kazi. Texas, kwa mfano, ina kifungu cha sheria ya jinai kinachokataza kutumia shahada bandia au isiyokidhi viwango kutafutia kazi, cheo au nafasi ya masomo.

Kuna kosa linalofanywa sana na waliotoka Afrika Mashariki na Kongo: kudhani kwamba shahada ya Dar es Salaam, Makerere au Kinshasa "haina ithibati" kwa kuwa haimo DAPIP. Hiyo ni shahada ya nje inayotambuliwa na serikali yake. Ipeleke kwa shirika la tathmini lililo mwanachama wa NACES, umoja wa mashirika yanayolinganisha shahada za nje na za Marekani, ipate ulinganisho wake, na mwongozo huu uuache. Kinyume chake, mashirika hayo ya tathmini hayawezi kuisafisha shahada ya Marekani isiyo na ithibati. Usiwape pesa kwa kazi hiyo.

Nyaraka

Omba transkripti rasmi mapema, maana vyuo vya aina hii hufungwa ghafla. Kama kimeshafungwa, uliza idara ya elimu ya juu ya jimbo kilipokuwa. Mara nyingi ndiyo inayotunza kumbukumbu au inajua ziko kwa nani. Kusanya pia katalogi ya mwaka uliosoma na silabasi ya kila kozi: vitabu, idadi ya saa, kazi zilizosahihishwa, namna ya kutoa alama. Tafuta sifa za waliokufundisha. Chuo chenye ithibati hutarajiwa kuwa na walimu wenye shahada ya uzamili katika somo au karibu nalo, na mwalimu wako akiwa na sifa hiyo, mwombe barua au wasifu wake.

Angalia mfumo wa saa. Krediti moja ya muhula ni takriban saa moja ya darasa na mbili za kujisomea kila wiki kwa wiki 15. Chuo kinachotumia robo mwaka hugeuzwa kwa kuzidisha theluthi mbili: krediti 45 za robo zinakuwa 30 za muhula. Kozi ya krediti 4 za robo inashuka hadi 2.67, na ikikutana na sharti la kozi ya krediti 3 inaweza kupungukiwa kwa kisehemu hicho kidogo. Uliza kama kisehemu hicho kinasamehewa au kinafidiwa kwa kozi nyingine.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ada ya maombi

Andika barua pepe kwa ofisi ya msajili, siyo kwa mshauri wa udahili. Mshauri wa udahili kazi yake ni kujaza viti. Taka majibu ya maandishi: mnapokea krediti za chuo kisicho na ithibati inayotambuliwa, na kwa utaratibu gani? Daraja la chini ni C au B? Ni krediti ngapi lazima nizisomee kwenu? (Shahada ya kwanza huwa na 120, na vyuo vingi hudai angalau 30 zako ziwe zao; SACSCOC, shirika la ithibati la vyuo vingi vya kusini, linataka asilimia 25.) Masomo ya sayansi au kompyuta yana ukomo wa miaka? Mna mitihani ya idara ya kujipimia?

Halafu swali lililo muhimu kuliko yote: krediti zitakazokubaliwa zitaingia wapi kwenye programu yangu? Kukubaliwa ni jambo moja, kuhesabiwa ni jingine. Mtu huambiwa "tumekupokea krediti 40", akafurahi, kumbe zote zimewekwa kwenye kozi za hiari na programu yake inahitaji 12 tu za hiari. Zilizobaki zinakaa kwenye transkripti bila kazi. Na zina madhara: kwa msaada wa shirikisho wa masomo, zilizopokewa huhesabiwa kama ulizojaribu, na kikomo ni asilimia 150 ya programu, yaani 180 kwa shahada ya 120. Wakati mwingine ni busara kuomba zisipokewe.

Kwenye fomu taja vyuo vyote ulivyosoma hata kama hutaki krediti zake. Kuficha chuo ni udanganyifu wa maombi, na unaweza kufutiwa udahili ukiwa mwaka wa mwisho.

Njia za kugeuza ulichokijua kuwa krediti

Mtihani wa CLEP, unaokupa krediti za kozi bila kuisoma darasani, ndio wa bei nafuu zaidi. Mingi huchukua dakika 90, alama ni 20 hadi 80, na ACE, baraza la elimu la Marekani linalovipendekezea vyuo krediti za kutoa, hupendekeza krediti kuanzia alama 50 kwa mitihani mingi. Mingi hutoa krediti 3 au 6. Ada iko chini ya dola 100, ukiongeza ada ya kituo, na Modern States hutoa masomo ya bure pamoja na vocha ya mtihani. Ukifeli, unasubiri miezi mitatu kuurudia mtihani huo huo. Kama ulishasoma saikolojia, historia ya Marekani au aljebra kwenye chuo cha zamani, wiki chache za kujikumbusha hutosha kuipata kozi hiyo upya, safari hii kwa kipimo kinachoaminika. Mitihani ya DSST ni ya namna hiyo hiyo na ina masomo ambayo CLEP haina.

Lugha ndiyo hazina ambayo watu wetu huisahau. Aliyesomeshwa kwa Kifaransa Bukavu, Bujumbura au Kigali akifanya CLEP ya Kifaransa na kupata 59, mapendekezo ni krediti 9 kwa kikao kimoja. Kiswahili hakimo CLEP, lakini mtihani wa mazungumzo wa ACTFL unacho, na ACE hupendekeza krediti kulingana na kiwango utakachofikia. Tahadhari: vyuo vingine havitoi krediti kwa lugha ya mama. Uliza kwanza.

Yapo pia makampuni ya kozi za mtandaoni kama Sophia na StraighterLine. Kejeli ni kwamba haya nayo hayana ithibati ya chuo, ila kozi zao zimekaguliwa na ACE, na ndiyo maana vyuo vingi huzipokea.

Njia ya jalada la ushahidi inafaa kwa kozi zisizo na mtihani: huduma ya kichungaji, uongozi, malezi ya watoto. Unaandika maelezo yanayojibu kila lengo la kozi, unaambatisha ushahidi, na mwalimu wa somo anatathmini. Majalada mengi huangushwa na kosa moja: mtu anaeleza alichofanya, "nimehubiri miaka kumi", badala ya anachokijua. Mpimaji anataka nadharia, mbinu na sababu.

Nyingine ni kuthibitishwa kwa matokeo. Vyuo kadhaa hukubali kukupokea kwa masharti. Ukimaliza muhula mmoja au miwili kwa wastani wa C au zaidi, wanazirudia krediti za zamani na kuzikubali zote au baadhi. Au idara inakuruhusu kuingia kozi ya pili, na ukiifaulu ya kwanza inahesabiwa. Taka ahadi hiyo kwa maandishi kabla ya kuanza, ikiwa na idadi ya krediti na wastani unaotakiwa.

Tuseme una krediti 60 za chuo cha Biblia. Mitihani mitano ya CLEP ya krediti 3 inakupa 15, Kifaransa 9, majalada mawili 6: jumla 30, ambazo ni mwaka mzima. Idara ya dini ikikubali kozi nne kwa masharti, umefika 42. Hizo 18 zilizobaki ziache ziende. Kwa mpango kama huu angalia kwanza Thomas Edison State University ya New Jersey, Charter Oak ya Connecticut, na Excelsior ya New York. Vyote vina ithibati na vinajulikana kwa kupokea krediti nyingi za mitihani na majalada.

Ukiwa na shahada nzima

Shahada ya kwanza isiyo na ithibati haifungui mlango wa uzamili kwa kawaida. Kuna nafasi chache katika seminari zilizo chini ya ATS, shirika la ithibati la shule za teolojia, ambalo huruhusu sehemu ndogo ya wanafunzi kuingia bila shahada inayotambuliwa. Uliza kama nafasi za mwaka huo bado zipo. Nje ya hapo, njia fupi ni kuijenga upya shahada ya kwanza kwa mbinu zilizotajwa. Kwa uuguzi, ualimu na sheria anza na bodi ya leseni ya jimbo lako: inaweza kudai ithibati ya programu yenyewe juu ya ile ya chuo.

Anayepanga kurudi nyumbani ajue kwamba mamlaka za elimu ya juu, TCU Tanzania na NCHE Uganda, huangalia kama chuo kilichotoa shahada kinatambuliwa nchini kwake. Watakachosoma ni jina la chuo cha mwisho. Udaktari wa heshima kutoka chuo kisicho na ithibati hawautambui kama sifa ya kitaaluma, hata ukiwa na picha ya joho.

Tathmini ikirudi na kozi imekataliwa, usiikubali siku hiyo hiyo. Mpelekee mkuu wa idara silabasi ya kozi yako na ya kwao zikiwa sambamba, ukionyesha wiki kwa wiki zinapofanana. Fanya hivyo kabla ya kujiandikisha, kwa sababu ukishaisoma tena kozi ile ile, ya zamani haina tena nafasi.