Sista, kama unaenda kufanya kazi nje ondoka hivi

Sikuambii usiende, mshahara tunaujua wote na ada za watoto hazingoji. Ila kuna namna ya kuondoka.

Anza na leseni yako pale Baraza la Manesi na Wakunga Kampala, isiwe imekwisha, sababu hao ndio watathibitisha rekodi zako kwa wenzao wa Uingereza. Alafu Kiingereza, kwa mtihani unaoitwa IELTS wanataka alama 7 ila kwenye kuandika wanakubali 6.5, na hapo kwa kuandika ndio wengi wetu tunaanguka so fanya mazoezi ya kuandika kila siku. Baadaye kuna mtihani wa unesi wa kompyuta, ule wa vitendo unaufanyia hukohuko Uingereza.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Uganda iko kwenye listi nyekundu ya Uingereza, yaani waajiri na maejenti wao hawaruhusiwi kuja kututafuta huku kwa vile wahudumu wetu wenyewe hawatoshi, lakini wewe binafsi ukiomba kazi moja kwa moja kwa hospitali ya kule hakuna kosa. Kwa hiyo mtu akija Arua hapa anasema ana nafasi hamsini za London, lipa milioni tatu kwanza, achana naye kabisa. Kwa Uarabuni, hakikisha kampuni iko na leseni ya Wizara ya Jinsia na Kazi kabla hujatoa hata shilingi.

Alafu wodi unayoiacha. Mwaka 2014 serikali ilitaka kupeleka madaktari na manesi zaidi ya 200 Trinidad na Tobago, watu wakaenda mpaka kotini kupinga, lakini mmojammoja tunaondoka kila mwezi na hakuna anayehesabu. Kwetu wakunga wawili walienda bila kusema, tumekuja kujua kwa picha za eapoti. Majina yao yakabaki kwa pay roll miezi na miezi, na jina likiwa bado pale nafasi haitangazwi, tukabaki wawili usiku kwa akina mama kumi na nane.

So andika barua, omba likizo bila malipo au jiuzulu rasmi, miezi mitatu kabla kama unaweza. Hiyo miezi mitatu chagua mdogo wako mmoja kazini umfundishe kile unachokijua vizuri kuliko wengine, kama ni kumpa mtoto pumzi kwa ambu bag, ule mfuko wa kubana wa kuingiza hewa, afanye mbele yako mpaka mkono uzoee. Na namba ya WhatsApp uwaachie, saa nane ya usiku mtoto akikataa kulia watakutafuta.