Ghorofa la vioo na mistari ya taa: usisubiri usiku

Ukitaka picha ya ghorofa la vioo huku taa za magari zikichora mistari chini yake, fika kabla giza halijakolea. Usiku ukishaingia kabisa, unaambulia madirisha yanayong'aa kwenye weusi mtupu na umbo la jengo limepotea. Muda ninaoupenda ni dakika 20 hivi baada ya jua kuzama: anga bado lina bluu, taa za ndani zimewashwa, na vioo vinaakisi anga huku vikipitisha mwanga wa ndani. Karibu na ikweta muda huu hupita haraka sana, kwa hiyo panga fremu yako mapema.

Kamera iwe kwenye stendi ya miguu mitatu, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iwe 100, tundu la lenzi liwe dogo kiasi, f/8 au f/11. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi kupokea mwanga, usiikisie. Tazama gari moja linachukua sekunde ngapi kuvuka fremu nzima. Likichukua 6, shata ya sekunde 2 itakupa vipande vya mistari tu. Ifungue sekunde 8 au 10. Halafu subiri basi! Taa zake za juu huchora mstari mrefu juu ya ile ya magari madogo, na picha inapata kina.

Tumia taima ya kamera ya sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera. Na jengo likizidi fremu, rudi nyuma badala ya kuinua lenzi, la sivyo kuta zitaonekana zinalala.