Somo: Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito? Pima kwanza, ndipo uiguse

Wakuu, salaam. Kompyuta ikianza kuwa nzito, wengi hukimbilia kupakua programu za "kuongeza kasi" au kupiga Windows upya. Huko ni kutoa dawa bila kupima. Mara nyingi kilichoelemewa ni kitu kimoja tu: diski, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), prosesa, au joto. Ukikijua, kazi inayobaki huwa fupi. Maelezo haya ni ya Windows 10 na 11.

Hatua ya 1: Okoa mafaili yako

Diski inayoelekea kufa mara nyingi huanza kwa uzito, kwa hiyo hatua hii hairukwi. Nakili picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje. Kunakili kutoka C kwenda D hakusaidii ikiwa zote mbili ni vipande vya diski moja. Ikifa, zinaondoka pamoja.

Hatua ya 2: Chagua Restart

Tangu Windows 8, kompyuta nyingi ukizizima huhifadhi sehemu ya mfumo kwenye diski ili ziwake haraka kesho yake. Kwa hiyo mtu anaweza kuzima kila usiku na bado akabeba tatizo lilelile wiki nzima. Restart ndiyo inayoanza upya kabisa. Wapo watakaoishia hapa, na ni sawa.

Hatua ya 3: Pima

Ikishawaka, iache dakika tano itulie. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Fanya kazi ileile inayokusumbua huku ukitazama safu tatu: CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (diski). Ukibofya kichwa cha safu, programu zinazokula zaidi zitapanda juu.

*Disk imeganda kwenye 100%.* Kwa kompyuta za zamani kidogo, hiki ndicho kisa ninachokutana nacho kuliko vyote. Fungua Performance, bofya diski, utaona imeandikwa HDD au SSD. HDD ina sahani zinazozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono unaohamahama kutafuta data. Ikidaiwa mafaili madogomadogo yaliyotawanyika, humudu kama mia moja hivi kwa sekunde, ilhali SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka, humudu maelfu kwa maelfu. Ndiyo maana unaweza kuona 100% huku kasi ya kusoma ikiwa MB moja au mbili tu: mkono unahangaika, data haitoki. Windows za leo zina kazi nyingi za chinichini, na HDD haiziwezi. Hakuna mpangilio utakaoifikisha kwenye kasi ya SSD. Badilisha diski, na kompyuta uliyotaka kuitupa itarudi kazini. Hili nalisema bila kusita.

Lakini kama tayari ni SSD na bado inaganda, angalia kama imejaa. Iachie nafasi wazi, walau asilimia 15. Pia ipime afya kwa CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure. Ikiandika Caution au Bad, acha kila kitu, rudi hatua ya 1.

*Memory imepita 85% muda wote.* RAM ikijaa, Windows huhamishia mzigo kwenye diski, na diski ni polepole mno ukiilinganisha na RAM. GB 4 siku hizi hazitoshi kwa raha. GB 8 zinatosha matumizi ya kawaida ya nyumbani. Kabla ya kununua, funga vichupo vya kivinjari usivyovitumia, na ondoa viongezo ambavyo hata hukumbuki uliviwekea nini. Mara nyingi mlaji mkubwa ni kivinjari.

*CPU iko juu wakati hufanyi kitu.* Soma jina la programu iliyo juu ya orodha. Ikiwa ni masasisho ya Windows au antivairasi inakagua, iache imalize. Ikiwa ni jina usilolijua, kagua virusi kwa Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, ukichagua ukaguzi wa nje ya mtandao (offline scan). Utafanyika kabla Windows haijawaka, na kirusi kitapata shida zaidi kujificha.

*Namba zote ziko chini, lakini ni nzito.* Sikiliza feni, gusa sehemu ya kutolea hewa. Prosesa ikipata joto kali hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Zima, chomoa umeme, puliza vumbi kwa hewa iliyobanwa huku umeyazuia mapanga ya feni yasizunguke. Na laptopu isiwekwe juu ya godoro, inazibwa pumzi.

Hatua ya 4: Punguza vinavyojiwasha

Humohumo kwenye Task Manager kuna orodha ya Startup. Zima za gumzo, za muziki, za michezo. Antivairasi na za touchpad ziache. Kuzima huku hakufuti programu, ukiihitaji utaifungua mwenyewe.

Zile programu za kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), tafadhali, achaneni nazo. Hazileti kasi ya kuonekana, na zinaweza kufuta kitu ambacho mfumo unakihitaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nina HDD na RAM ya GB 4. Fedha inatosha kimoja tu. Nianze na kipi?

Jibu: SSD. RAM ikijaa mzigo utaangukia kwenye diski hiyohiyo, na SSD itaubeba vizuri zaidi. RAM itafuata ukijaliwa.

Swali: Nimenunua RAM ya laptopu, haiingii kwenye sloti. Nisukume?

Jibu: Usisukume, ndugu yangu! DDR3 na DDR4, ambavyo ni vizazi viwili vya RAM, zina pengo sehemu tofauti, haziingiliani. Kwanza jua mashine yako inatumia ipi, kisha kabadilishe. Pia angalia kama Windows yako ni ya biti 32. Hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata ukiongeza.

Swali: Nimeweka antivairasi mbili kwa usalama zaidi. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Kila faili unalofungua linakaguliwa mara mbili, na zenyewe huweza kushukiana. Baki na moja.

Swali: SSD yangu niifanyie defrag (kupanga upya vipande vya mafaili) kila mwezi?

Jibu: Hapana. Windows yenyewe huitunza SSD kwa njia inayoifaa, wewe usiiguse.

Swali: Mashine yangu haikubali Windows 11, na Windows 10 ndiyo hivyo tena. Nifanyeje?

Jibu: Kweli, usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kama kazi zako ni kivinjari, nyaraka na video, jaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Iweke kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, kagua Wi-Fi, sauti na printa bila kugusa diski yako. Ikiwa nzito kidogo wakati wa majaribio, usiihukumu: inasoma kutoka kwenye flashi.