Jinsi ya kuandika riwaya ya kihistoria ya wanawake marafiki wa Mtwara na Lindi

Kabla hujaandika hata mstari mmoja, achana kwanza na ile stori ya binti anayeozwa kwa ng'ombe na baba mkali, maana huku kusini haikai. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo unafuata mama, mwenye sauti juu ya binti mara nyingi alikuwa mjomba, na kwa Wayao na Wamakua mwanaume akioa anahamia ukweni. Sasa mhusika wako akitaka kujitegemea atagombana na mjomba ambaye pengine anampenda kweli na ndo aliyemlea, na hapo ndo utamu ulipo jamani, naumia nikiona mtu anauacha utajiri huu anaenda kuazima ugomvi wa mikoa mingine.

Alafu chagua miaka, usiandike tu "zamani". Kuna 1947 hadi 1951, mpango wa karanga wa Waingereza kule Nachingwea, reli inajengwa, bandari ya Mtwara inaanza kujengwa, vijana wanakimbilia mishahara. Kuna 1954 TANU, chama kilichodai uhuru, inazaliwa mpaka uhuru Desemba 1961. Na kuna 1964, vita ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, inaanza ng'ambo ya mto Ruvuma, watu wanavuka mto na watoto mgongoni, miaka michache baadae wanawake wa Msumbiji wanafundishwa kijeshi hapo hapo Nachingwea. Mi ningechukua hiyo ya mwisho: mwanamke wa Newala mwenye shamba na mwenzie aliyevuka mto hana kitu, wote Wamakonde, lugha moja, ila mmoja nchi yake imeshapata uhuru na mwingine atausubiri mpaka Juni 1975.

Urafiki wenyewe uonyeshe kwenye kazi. Uwanda wa Makonde juu hauna mito, wanawake walikuwa wanashuka bondeni kutafuta maji na kupanda tena na mitungi kichwani, wanaondoka giza bado. Fikiria safari hiyo, hakuna mume, hakuna mjomba, hakuna mkwe, ni wanawake watupu na masaa ya kuongea, siri zote za riwaya yako zinaweza kutoka humo njiani. Mmoja anaumwa, mwenzie anachota mara mbili bila kusema kitu. Hapo huhitaji kumwambia msomaji kwamba wanapendana.

Na huo uhuru wa mwanamke uweke kwenye hela. Nani anapalilia mikorosho, nani anapokea pesa msimu ukifika, pesa inafichwa wapi? Mkorosho ni mti wa miaka mingi, mtu aliyeupanda kwa jasho anataka mwanae aurithi, wakati ukoo unasema mali inarudi kwa watoto wa dada. Mabibo, matunda ya mkorosho, nayo yana hela yake, kuna mama anapika uraka, pombe ya mabibo, anauza na anasomesha. Wanaume wakiwa wameenda manamba kwenye mashamba ya mkonge, nyumba anashikilia nani? Ukijibu maswali haya una sura kumi tayari.

Unyago uuguse kwa heshima. Wali, yaani mabinti waliochezwa unyago, waliotoka pamoja wanabaki na undugu wa maisha, huo andika, ila yale wanayofundishwa ndani na nyimbo zake yaache ndani, anza siku ya kutoka.

Mazungumzo yawe mafupi. Mfano:

"Mjomba kasema shamba nimwachie kaka."
"We umemjibuje?"
"Nimenyamaza."
"Basi kesho tunaenda kupalilia wote, atukute huko huko."

Uangalie na vitu vidogo. Kabla ya 1964 hakuna Tanzania, ni Tanganyika, shilingi ni ya Afrika Mashariki mpaka 1966, na kabla ya bandari mpya mji mkubwa upande wa Mtwara ni Mikindani. Chakula weka mtama, mihogo, ming'oko ya porini, usimpikie mtu wa 1950 chipsi.

Utafiti bora uko kwa bibi zetu waliozaliwa miaka ya 1940, na wanaondoka, kwa hiyo usisubiri likizo. Usimwambie "bibi nisimulie maisha yako", atakupa maneno mawili. Shikamoo kwanza, kaa chini, saidia kuchambua mboga au kubangua korosho, muulize kanga ya kwanza alinunuliwa na nani, rafiki yake alikuwa nani na wapi waligombana. Omba ruhusa kabla ya kurekodi kwenye simu, na majina halisi yabadilishe.

Ukimaliza sura ya kwanza rudi kamsomee kwa sauti. Pale atakapokukatiza kusema haikuwa hivyo, weka alama, muulize ilikuwaje, urekebishe kabla hujagusa sura ya pili.